Jinsi ya kuandika maelezo ya zana ya matokeo ya baiskeli ili wakala wa AI asikutie aibu

Wakala ninayemzungumzia hapa si yule wa kibanda cha kutoa na kuweka pesa. Ni programu ya akili unde: unaiuliza swali, inachagua yenyewe zana ya kuita (programu ndogo inayoitumia kutafuta data), inasoma data iliyorudi, kisha inakusimulia. Zana yangu inachota matokeo ya mbio za baiskeli. Niliitengeneza baada ya mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani ya Kigali, Septemba 2025, yale ya kwanza kufanyika Afrika, kwa sababu kijiweni kwetu Igoma, Mwanza, ubishi wa baiskeli ulikuwa hauishi. Msimbo wa programu niliumaliza kwa siku mbili. Maelezo yake yalinichukua wiki tatu.

Neno moja kabla hatujaanza. Sehemu ya mbio inayokimbiwa siku moja wengi huiita hatua, na mwongozo huu nao una hatua. Ili tusichanganyane, ya kwenye mbio nitaiita mkondo.

Hatua ya 1: Jua wakala anaona nini

Natumia Model Context Protocol, itifaki ya kuunganisha wakala na zana, iliyotolewa na kampuni ya Anthropic Novemba 2024. Humo, modeli (akili unde iliyo ndani ya wakala) inaijua zana yako kwa mambo matatu: jina, maelezo na skima ya vigezo, yaani orodha ya vitu ambavyo zana inataka kupewa. Faili lako la README, lile la kuitambulisha programu, hata ulipambe vipi, ni la binadamu. Kilichoandikwa humo tu, kwa wakala hakipo.

Hatua ya 2: Tenganisha maswali yanayofanana

Mwanzo nilikuwa na zana moja, `matokeo`, yenye maelezo ya maneno manne: "Huleta matokeo ya mbio." Matokeo yapi? Chukua Tour de France, mbio za mikondo mingi za Ufaransa, ya 2024, mkondo wa 3, uliomalizikia Turin. Aliyeshinda mkondo ni Biniam Girmay wa Eritrea. Lakini jioni ile jezi ya njano alivaa Richard Carapaz, kwa kuwa ndiye aliyeongoza msimamo wa jumla, ule wa mikondo yote ikijumlishwa. Ukiuliza "nani alikuwa wa kwanza siku ile?", majibu yote mawili ni sahihi, na wakala atachukua lolote litakalomjia mkononi.

Gawa zana, na kila moja iitaje mwenzake:

```
matokeo_ya_mkondo:
"Huleta nafasi za waendeshaji katika mkondo mmoja tu.
Haisemi nani anaongoza mbio nzima.
Kwa hilo, ita msimamo_wa_jumla."
```

Sentensi ya katikati ndiyo yenye kazi kubwa. Waandishi wengi wa nyaraka hueleza zana inafanya nini wakaishia hapo. Wakala anahitaji zaidi kujua haifanyi nini.

Hatua ya 3: Eleza kila namba inapima nini

Hapa ndipo nilipochekwa. Nilimuuliza wakala kuhusu Tour ya 1989. Zana ikarudisha hivi:

```
{"nafasi": 1, "jina": "Greg LeMond", "muda": "87:38:35"}
{"nafasi": 2, "jina": "Laurent Fignon", "muda": "0:08"}
```

Wakala, bila kupepesa, akaandika kwamba Fignon alimaliza mbio kwa sekunde 8. Nilimsomea fundi baiskeli wetu, alikuwa amekaa chini akinyoosha ringi. Hakuinua hata kichwa: "Kachelewa sekunde nane, ndugu yangu. Siyo katumia." Mwenye kuijua baiskeli anajua kwamba wa kwanza huandikiwa muda wake wote na wanaomfuata huandikiwa pengo. Modeli inasoma safu iliyoandikwa `muda` na kuamini ni muda.

Usijaribu kulitibu hili kwa maelezo marefu. Badilisha data yenyewe: weka `muda_kamili` na `pengo_sekunde`, na ujaze zote mbili kwa kila mtu. Fignon anakuwa na 87:38:43 na 8. Kisha andika:

```
pengo_sekunde: "Sekunde alizochelewa nyuma ya wa kwanza.
0 maana yake amepewa muda uleule, si kwamba
wamefungana nafasi."
```

Hiyo ya sifuri usiiache. Kundi zima likiingia pamoja, kama Turin, makumi ya waendeshaji hupewa muda wa mshindi.

Hatua ya 4: Eleza ukimya

Tour za 1999 hadi 2005 hazina mshindi. Lance Armstrong alivuliwa mataji yote saba mwaka 2012 na hakuna aliyepandishwa kuchukua nafasi yake. Zana yangu ilikuwa inarudisha `null`, yaani nafasi tupu. Wakala akidhani data imekosekana, anajazia jina kutoka kumbukumbu zake, tena kwa kujiamini kabisa. Sasa narudisha `"hali": "taji_limefutwa"`, na maelezo yanasema wazi kwamba hilo ndilo jibu, si hitilafu.

Ujumbe wa kosa nao ni sehemu ya nyaraka. Mtu akiomba 1916, usimrudishie "404", namba ya kosa la "haikupatikana". Andika: "Tour de France haikufanyika 1915–1918 wala 1940–1946. Mwambie mtumiaji hivyo, usijaribu tena." Bila hilo neno la mwisho, wakala wangu alikuwa anagonga seva mara tano mfululizo, na bando ni langu.

Hatua ya 5: Majina na saa

Kubali "Pogacar" na "Pogačar", jina moja la mwendeshaji wa Slovenia, na useme hivyo kwenye skima. Saa zote toa kwa UTC (saa za kimataifa), kisha eleza kwamba Mwanza ni UTC+3 na kwamba saa 11:00 ya UTC kwetu ni saa nane mchana. Usiposema, utasikia "saa kumi na nne" na kijiwe kizima kitaanza kucheka upya.

Hatua ya 6: Mpe asiyejua

Maswali ya majaribio usitunge wewe; umeshajua zana inataka nini. Mimi humpa fundi simu aulize anavyotaka, na ninaangalia kwenye logi (rekodi ya kila kilichofanyika) zana ipi imeitwa na vigezo gani vimepelekwa. Jibu sahihi kutoka zana isiyo sahihi nalihesabu kama kosa. Ukibadilisha sentensi moja ya maelezo, rudia maswali yote, kwa sababu kurekebisha zana moja huwa kunavuta maswali ya jirani yake.

Swali la mwisho kwenye orodha yangu ni hili: "Nani alishinda Tour ya 2003?" Likija jina la mtu, rudi hatua ya 4.