Somo: Namna ya kupunguza kuoga kila siku na kuachana na vipodozi vya usafi vya dukani bila kunuka

Somo hili halimfundishi mtu kuwa mchafu. Linafundisha kutenganisha mambo mawili ambayo wengi wetu tulilelewa tukiyaona kuwa ni jambo moja: kuondoa uchafu na harufu mwilini, na kujimwagia maji kutoka utosini hadi nyayoni huku tukijipaka mapovu kila mahali. La kwanza ni la lazima kila siku. La pili, kwa mtu mzima mwenye afya na asiyefanya kazi ya vumbi au kemikali, linaweza kupunguzwa sana bila jirani yake kujua.

Mimi nilianza kwa sababu miundi yangu ilikuwa ikiwasha usiku kucha kila hali ya hewa ilipokuwa kavu, na nilishindwa vibaya mara ya kwanza. Niliacha kila kitu kwa siku moja, yaani sabuni, shampuu, deodoranti na losheni, na siku ya tisa shemeji yangu akahamia kimya kimya kiti cha upande wa pili wa meza. Hakusema neno, wala hakuhitaji kusema. Hatua ninazozieleza hapa ni za jaribio la pili, ambalo sasa lina miaka minne.

Tuanze na sababu, kwa kuwa asiyezijua atakata tamaa wiki ya pili. Tabaka la juu la ngozi ni seli zilizokufa zilizoshikamanishwa na mafuta, na mwili hulifanya upya kwa muda wa takriban wiki 4. Ngozi ina asidi kidogo, pH (kipimo cha asidi na alkali, ambapo 7 ni katikati) ya karibu 5, ilhali sabuni ya kipande, ambayo hutengenezwa kwa kuchanganya mafuta na alkali, kwa kawaida ina pH ya 9 hadi 10. Tena sabuni haichagui: mafuta yaliyobeba uchafu na mafuta yanayoikinga ngozi huondoka pamoja, na ndiyo maana baada ya kuoga tunakimbilia losheni kurudisha tulichokiondoa wenyewe. Kuhusu harufu, jasho likitoka tu karibu halinuki. Mwili una tezi za jasho kati ya milioni 2 na 4, nyingi zikitoa maji yenye chumvi kwa ajili ya kuupoza. Zipo tezi za aina nyingine, zilizo hasa makwapani na kinenani, ambazo huanza kazi wakati wa balehe na kutoa jasho zito zaidi. Bakteria wanaoishi hapo, wakiwemo wa jamii ya Corynebacterium, hulivunjavunja jasho hilo, na kinachobaki ndicho kikwapa. Kwa hiyo harufu ina makazi machache yanayojulikana, na mgongo, mapaja na miundi havina kesi kubwa ya kujibu.

Hatua ya 1: Tenga visivyoguswa

Toa kila chupa na kopo unalotumia, kisha uweke kando vitu ambavyo huviachi kamwe. Sabuni ya kunawia mikono inabaki, kabla ya kula na baada ya kutoka chooni. Mwaka 1847, katika hospitali moja ya Vienna, daktari Ignaz Semmelweis aliwaamuru madaktari wanawe mikono kwa maji ya klorini kabla ya kuwahudumia wanawake wanaojifungua, na vifo vya akina mama vikapungua sana. Hakuna hoja ya ngozi laini inayoweza kushindana na jambo hilo. Dawa ya meno yenye floridi inabaki. Mafuta ya kujikinga na jua yanabaki kwa anayeyahitaji, na kwa mwenye ualbino hayajadiliwi. Dawa yoyote uliyoandikiwa na daktari pia inabaki.

Cha kwanza kuondoka, kwa maoni yangu, kiwe sabuni ya mwili inayotangazwa kuua vijidudu. Mwaka 2016 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilipiga marufuku triklosani, kemikali ya kuua bakteria, na viambato vingine 18 katika sabuni za aina hiyo, kwa kuwa watengenezaji hawakuweza kuthibitisha kwamba ni salama kwa matumizi ya kila siku ya muda mrefu na kwamba zinashinda sabuni ya kawaida na maji.

Hatua ya 2: Endelea kuoga, lakini hamisha sabuni

Kwa wiki mbili usipunguze siku za kuoga. Punguza mahali pa kupaka sabuni tu: makwapa, kinena, makalio na miguu. Kwingine kote tumia maji ya uvuguvugu na kiganja, kwa sababu maji ya moto sana huondoa mafuta ya ngozi haraka zaidi. Dodoki gumu liweke pembeni. Watu wengi hugundua katika wiki hizo mbili kwamba hamu ya losheni imepungua, na wengine huishia hapa, wakiwa wamepata walichokitaka.

Hatua ya 3: Punguza siku, weka kujipangusa badala yake

Hapa ndipo penye kazi. Anza kwa kuruka siku moja ya kuoga mwili mzima kwa wiki, kisha mbili, kisha uone unapofaa kusimama. Mimi nimesimama kwenye mara mbili kwa wiki. Siku ambayo huogi, unajipangusa. Chukua lita 2 au 3 za maji ya uvuguvugu na vitambaa viwili laini vya pamba, kimoja cha juu na kimoja cha chini, visichanganywe. Anza na uso, nyuma ya masikio na shingo, ufuate mikunjo ya chini ya matiti na tumbo kwa aliye nayo, kisha kitovu na makwapa. Kwa kitambaa cha pili safisha kinena, mwisho makalio, halafu nawa miguu kwa sabuni hadi katikati ya vidole. Kausha kila mkunjo vizuri, kwa kuwa unyevunyevu uliofungiwa huwaalika kuvu. Vitambaa vifuliwe kila baada ya matumizi na vianikwe mpaka vikauke kabisa. Bomba la mvua la kawaida hutoa lita 8 hadi 10 kwa dakika, kwa hiyo anayelipia maji ataona tofauti haraka.

Hatua ya 4: Makwapa

Makwapa nimeyapa hatua yake kwa sababu ndiyo huwarudisha wengi nyuma. Tofautisha kwanza deodoranti, ambayo huzuia bakteria au hufunika harufu, na kizuia jasho, ambacho chumvi zake za alumini huziba midomo ya vijia vya jasho kwa muda. Ukiacha kizuia jasho utaloa, na hilo si ugonjwa wala si sumu inayotoka, kama wengine wanavyopenda kusema. Ni vijia vilivyozibuka. Osha makwapa kwa sabuni asubuhi, na jioni ukihitaji, huku ukipunguza nywele za hapo, kwa kuwa hushika jasho na mabaki yake.

Kuweni waangalifu na tiba za jikoni. Magadi soda yana alkali na huwaunguza wengi makwapani baada ya siku chache. Limau ni baya zaidi, kwa sababu maji yake yakibaki kwenye ngozi na jua likaipiga, yanaweza kuleta malengelenge na madoa meusi yanayokaa kwa wiki au miezi. Shabu hufanya kazi, lakini nayo ni chumvi ya alumini, na anayeikimbia alumini ya dukani akaikumbatia shabu amezunguka nyumba na kuingia kwa mlango wa nyuma.

Nguo nazo zina neno. Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Ghent, Ubelgiji, walilinganisha fulana za watu waliokuwa wamefanya mazoezi, na zile za poliesta zilinuka vibaya zaidi kuliko za pamba. Kabla hujailaumu ngozi yako, badili shati.

Hatua ya 5: Nywele

Ongeza siku kati ya kuosha na kuosha, taratibu, na siku hizo za katikati usugue kichwa kwa maji na ncha za vidole. Mwenye mba aendelee na shampuu yake ya dawa.

Hatua ya 6: Tafuta pua isiyo yako

Pua huizoea harufu iliyo karibu nayo daima, kwa hiyo mtu hawezi kujihukumu. Mteue mtu mmoja mkweli na umpe ruhusa ya kusema. Nawe ujikague: nongo zilizogandamana kama magamba ya kahawia, hasa shingoni na kwenye mikunjo, ni dalili kwamba umepunguza kupita kiasi. Vipele vyenye usaha, wekundu unaosambaa au mwasho usioisha vipelekwe kwa daktari.

Maswali ya wanachama

*Ndugu mwalimu, nafanya mazoezi kila siku na natoka jasho jingi. Je, somo hili linanihusu?*

Linakuhusu nusu. Baada ya jasho jingi jimwagie maji upesi, kwa kuwa chumvi na unyevu vikikaa huleta mwasho na harara. Sabuni ibaki kwenye sehemu zilizotajwa katika hatua ya 2. Usihesabu siku.

*Niko wiki ya sita bila shampuu na nywele zimejaa mafuta. Nimeambiwa nivumilie, kichwa kitajirekebisha. Ni kweli?*

Nisingevumilia. Utoaji wa mafuta ya ngozi hutawaliwa zaidi na homoni kuliko na shampuu, na ahadi kwamba tezi zitajifunza kutoa kidogo hurudiwa sana kuliko inavyothibitishwa. Baadhi ya watu huizoea hali ile na kuiita marekebisho. Osha nywele zako, ndugu yangu.

*Je, mwanamke akiacha sabuni maalumu za sehemu za siri hataathirika?*

Atakuwa amejifanyia hisani. Uke hujisafisha wenyewe. Bakteria aina ya laktobasila huuweka katika asidi ya pH 3.8 hadi 4.5 hivi, na kuosha kwa ndani huvuruga ulinzi huo na huambatana na maambukizi. Sehemu za nje zioshwe kwa maji, au kwa sabuni kidogo isiyo na manukato. Harufu mpya isiyo ya kawaida, ute uliobadilika rangi au maumivu ni mambo ya kupeleka kliniki, si ya kufunikwa kwa marashi.

*Watoto je?*

Chama cha madaktari wa ngozi cha Marekani kinashauri mtoto wa miaka 6 hadi 11 aoge angalau mara moja au mbili kwa wiki, na kila anapochafuka au kutoka jasho. Akianza balehe, kimsingi aoge kila siku. Tafadhali msiwafanyie vijana wa umri huo majaribio ya somo hili. Shuleni watalipa wao.

*Mimi nina kisukari.*

Basi miguu yako haimo katika mpango wa kupunguza. Ioshe na kuikagua kila siku, ikaushe katikati ya vidole, na umweleze daktari wako kabla ya kubadili mengine.

*Ni kweli yupo daktari aliyekaa miaka mitano bila kuoga?*

Daktari na mwandishi Mmarekani James Hamblin ameeleza hivyo hadharani. Wanaomnukuu husahau kwamba mikono aliendelea kuinawa kwa sabuni.

*Mke wangu amekataa katakata. Nifanyeje?*

Pua yake ina haki katika chumba kile kile. Anza na hatua ya 2 pekee, ambayo haimnyimi chochote, na badili mashuka kila wiki. Kwetu tulikubaliana kwamba siku atakayosema "nenda kaoge", naenda bila kuuliza sababu. Katika miaka hii minne amesema mara mbili, na mara zote mbili nilikuwa nimevaa shati lile lile la poliesta.