Falsafa yako iko wapi? Namna ya kuifanya sura ya tatu ikubaliane na swali la utafiti

Wiki hii nimekaa na mwanafunzi wa uzamili anayeandika kuhusu watoto wa Pemba wanaokosa skuli msimu wa karafuu. Msimamizi wake alimrudishia sura ya tatu, ile ya mbinu za utafiti, na maneno machache pembeni: "Falsafa yako iko wapi?" Wengi wakiulizwa hivyo hubandika kurasa tatu za wanafalsafa Comte na Kuhn, kisha mbinu zikaendelea kama vile hazikusoma kurasa hizo. Sisi tulikwenda hivi.

Hatua ya 1: Andika swali

Sentensi moja, kwa Kiswahili, hata kama tasnifu ni ya Kiingereza.

Hatua ya 2: Lichunguze swali linaamini nini

Utoro ni kitu gani? Ni siku zilizoandikwa katika daftari la mahudhurio, ambazo zipo mtafiti aje asije? Au ni jina ambalo skuli imelipa jambo ambalo nyumbani wanaliita kumsaidia bibi shambani? Hiyo ndiyo ontolojia, haina uchawi. Epistemolojia ni kuuliza utajuaje: kwa kuhesabu, au kwa kukaa barazani jioni karafuu zinapotolewa makonyo na watu wakizungumza? Aksiolojia, yaani swali la maadili na upande wa mtafiti, inakugeukia wewe. Mwalimu wa Wete anayechunguza skuli za Wete aseme hivyo waziwazi, kwani wazazi wanamjua.

Hatua ya 3: Chagua mtazamo

"Mahudhurio hushuka kwa kiasi gani wakati wa mavuno, na alama za mtihani hushuka nayo?" Hilo ni la wapozitivisti, wanaoamini ukweli upo nje na unapimika, njia iliyofunguliwa na Auguste Comte, Mfaransa wa karne ya 19. "Wazazi wanazichukuliaje siku hizo?" Hapo uko kwa wafasiri, wanaotafuta maana ambayo watu wenyewe wanalipa jambo. "Nani ananufaika na kazi ya mtoto, na kijiji kifanye nini?" Huo ni mtazamo wa kihakiki, alikosimama mwanaelimu Paulo Freire wa Brazili, na mara nyingi unadai utafiti tendaji: wanakijiji wawe watafiti pamoja nawe.

Upragmatisti wa akina mwanafalsafa John Dewey, yaani kuchukua mbinu yoyote inayojibu swali, hata kuchanganya hesabu na mahojiano, unakimbiliwa kwa sababu unaonekana kuruhusu kila kitu. Kwa tasnifu ya uzamili mimi siupendi. Unafanya kazi mbili, kisha unadaiwa ya tatu: kuonyesha hizo mbili zinakutana wapi.

Hatua ya 4: Ilazimishe mbinu itii

Hapa ndipo jioni yote ilipokwisha. Swali la mwenzetu lilikuwa la kifasiri, lakini kwenye sampuli alichukua jedwali la Krejcie na Morgan la mwaka 1970, linalokwambia uchukue watu wangapi. Kwa idadi ya watu 1,000, jedwali linakupa 278. Wazazi 278 wa kuhojiwa mmoja mmoja! Jedwali lile ni la anayekadiria kiwango cha jambo katika idadi nzima ya watu. Anayetafuta maana huchagua watu kwa makusudi: mama mwenye mikarafuu yake, baba anayechuma kwa malipo, mtoto aliyerudi darasani, mwalimu anayejaza daftari. Unaendelea mpaka mahojiano mapya yasilete jambo jipya.

Mpozitivisti naye asijione amepona. Jedwali linataka sampuli nasibu, yaani watu waliochaguliwa kwa bahati nasibu. Ukihoji uliowakuta gatini katika mji wa Mkoani, hiyo 278 haikusaidii kitu. Na ukichagua madarasa mazima, watoto wa darasa moja wana mwalimu mmoja na pengine kijiji kimoja, wanafanana, kwa hiyo utahitaji watoto wengi zaidi. Daftari la mahudhurio nalo uliza linajazwa saa ngapi, na nani.

Halafu ubora. Alfa ya Cronbach ya mwaka 1951, kipimo cha namna majibu ya hojaji yanavyoshikamana, na ile 0.70 inayotajwa kila mahali kuwa kiwango cha chini, ni ya hojaji yenye vipengele kadhaa vinavyopima jambo moja. Usiiandike chini ya mahojiano. Kwa mahojiano, Lincoln na Guba walitoa vigezo vinne mwaka 1985: kuaminika, kuhamishika, uthabiti na kuthibitishika. Kuvitaja tu hakutoshi. Andika utakachofanya, mfano kurudi kwa mama yule na kumsomea ulivyomuelewa.

Sasa maswali yenyewe. Ukifika kwa watu ukaanza na "kwa nini mtoto haendi skuli?", mzazi anamsikia sheha, yule kiongozi wa serikali wa mtaa, na utapewa jibu la sheha. Anza na "Siku ya kuchuma inakwendaje hapa kwenu?" Mtoto atatajwa bila ya kuulizwa: nani anapanda juu ya mkarafuu, nani anaokota chini, nani anabaki na mdogo. Zile hojaji za "nakubali sana, nakubali" mimi siwapelekei wazee. Kwa adabu tu watakubali zote. Rikoda ndogo naiona bora kuliko simu, maana simu hupigwa katikati ya maneno mazuri. Kwa uchambuzi wa mahojiano kumi na kitu, karatasi na kalamu za rangi zinatosha. NVivo, programu ya kompyuta ya kuchambulia maandishi, muachie mwenye mamia ya kurasa.

Hatua ya 5: Vibali

Kibali cha utafiti cha Tanzania Bara pekee hakitoshi, Zanzibar ina utaratibu wake. Ukishakipata cha Zanzibar, pita ofisi ya elimu ya wilaya, kwa mwalimu mkuu na kwa sheha. Katika maombi eleza mbinu zile zile zilizomo kwenye sura ya tatu, na uyapeleke mapema: karafuu zikishaiva watu wote wako mashambani.