Kata majani Aprili: nusu ekari ya malisho kwa mbuzi wa Dodoma

Mwezi wa nne huku kwetu kila mtu yuko shambani anaamia ndege. Mtama umetoa masuke, uwele unakomaa, kwelea kwelea wanashuka makundi kwa makundi, na mtoto akiteremka kwenye dungu kidogo tu hasara imeingia. Wiki hizo hizo ndizo nyasi zetu zinakuwa na chakula kingi kuliko wakati mwingine wowote wa mwaka, na hakuna anayezitazama. Tunazikumbuka Septemba, zimeshakauka zikiwa zimesimama, na mbuzi anazitafuna kwa sababu tu hana kingine.

Nimezunguka vijiji vya Chamwino, Bahi na Kongwa kwa kazi ya ugani kwa muda mrefu, na kama ningeruhusiwa kumwambia mfugaji jambo moja tu, lingekuwa hili: tenga nusu ekari, panda malisho, uyakate yanapoanza kutoa maua, uyakaushe na kuyaweka. Wengi wetu tunaamini mbuzi wanakonda kwa sababu Dodoma ni kame. Ukame upo kweli. Mvua zetu ni milimita kama 550 hadi 600 kwa mwaka, karibu zote kati ya Desemba na Aprili. Lakini mvua hizo hizo huotesha majani mengi, nasi tunayaacha yageuke kuni.

Nyasi changa ina protini nyingi ila ni chache, ukikata unapata konzi. Nyasi iliyokwisha kupukutisha mbegu ni nyingi kwa macho, lakini utamu wake umeshaingia kwenye mbegu na kuanguka chini, na bua limekuwa gumu. Katikati ya hapo, maua yanapochomoza, ndipo uzito na ubora vinakutana. Muda huo ni wiki mbili, tatu hivi.

Hili nililijua darasani, nikaja kulielewa zizini kwangu. Mwaka wa kwanza kufuga mbuzi wangu mwenyewe nilisubiri nimalize kupura mtama ndipo nikakate majani, ikawa mwisho wa Juni. Nilifunga marobota mazuri, ya rangi ya dhahabu, nikayapanga na kuridhika. Septemba nilipofungua la kwanza mabua yalilia kama ufagio wa chelewa. Mbuzi walichagua vijani viwili vitatu vilivyobaki, wakakanyaga mengine, jioni nikawakuta wamelala juu yake. Novemba niliuza majike wawili kwa bei ya kusikitisha, mbavu zikihesabika. Kazi yote ya kukata na kufunga niliifanya. Nilichokosea ni tarehe.

Hesabu ya nusu ekari

Mbuzi wetu wa kienyeji mwenye kilo 25 hula kama kilo moja ya majani makavu kwa siku. Mbuzi kumi, kuanzia Agosti mpaka mvua zishike Desemba, tuseme siku 120, wanahitaji kilo 1,200. Lakini hawafungwi ndani. Mchana wanatoka, wanaokota majani ya vichaka na maganda ya migunga. Kwa hiyo nusu ya hitaji lao inatosha kuwashikilia: kilo 600, yaani marobota 30 ya kilo 20. Ekari moja ya nyasi iliyoshika vizuri kwa mvua zetu nakadiria hutoa kati ya tani moja na tani moja na nusu ya majani makavu, hivyo nusu ekari, yaani kilo 500 hadi 750, inakutosha ikishika vizuri. Ukiwa na mbuzi arobaini, usikate tamaa ukaacha. Lisha wale wenye mimba na wanaonyonyesha tu, maana hao ndio wanaoangusha zizi lote.

Nyasi ninayoipendekeza kwa ardhi nyekundu ya kichanga ni bafeli, ambayo kitaalamu huitwa Cenchrus ciliaris. Inavumilia ukame, mizizi yake inakwenda chini sana, na ukiipanda mara moja inakaa miaka. Haipendi kusimama kwenye maji, kwa hiyo usiipeleke kwenye mbuga nyeusi zinazotuama. Mbegu zake ni nyepesi, zina manyoya, na zikiwa mpya kabisa hazioti vizuri. Zilizokaa ghalani miezi sita hadi mwaka huota zaidi. Muuzaji akikusifia kwamba zimevunwa juzi, mwambie akuuzie za mwaka jana. Kituo cha TALIRI, Taasisi ya Utafiti wa Mifugo Tanzania, kilichopo Kongwa kimefanya kazi ya malisho kwa miaka mingi, ni mahali pazuri pa kuulizia kwanza.

Kosa ninaloliona kila msimu ni kufukia mbegu ya bafeli kama ya mahindi. Haitatoka. Lainisha udongo, piga mistari ya nusu mita kwa nusu mita, changanya mbegu na mchanga mkavu ili zisipeperuke, mimina, kisha buruta tawi la miiba juu yake mara moja. Sentimita moja ya udongo inatosha. Kilo mbili za mbegu zinatosha nusu ekari hata kama uotaji wake si mzuri sana. Palilia mara mbili mwaka wa kwanza, na usiruhusu mnyama aingie hata siku moja kabla nyasi haijashika, maana mbuzi haikati nyasi changa, anaing'oa.

Pembeni yake, au katikati ya mistari ya mtama, panda fiwi, ambayo wengine huiita ngwara. Hii ndiyo nyama ya mlo: bafeli inashibisha, fiwi inajenga mwili na kuleta maziwa. Ipande wiki mbili au tatu baada ya mtama kuota, la sivyo itaupanda mtama na kuulaza. Mahali ambapo maji hukimbia juu ya ardhi, chimba mashimo ya Chololo, yaliyopewa jina la kijiji cha Chololo hapa hapa Dodoma: upana sentimita 20 hadi 25, kina kama hicho, sentimita 60 kati ya shimo na shimo na 90 kati ya mstari na mstari. Tia samadi kidogo, panda ndani. Nimeona fiwi ya kwenye shimo bado mbichi Juni wakati ya jirani yake, iliyopandwa juu ya ardhi tupu, imeshapukutika.

Mlusina, mti ambao majani yake hulishwa mifugo, ni mzuri kwenye mpaka wa shamba. Mbegu zake ni ngumu: mimina maji ya moto yaliyotoka kuchemka na kupoa kidogo, acha dakika tatu hadi tano, mwaga, loweka kwenye maji ya kawaida usiku kucha. Usizidishe theluthi moja ya mlo wa siku, na usimpe punda kabisa. Una kemikali inayomnyonyoa singa na mkia.

Mtama unaochipuka upya

Hapa naomba tusimame, kwa sababu kila mwaka kuna mtu anapoteza mifugo. Baada ya kuvuna mtama, mvua ya kuchelewa ikinyesha, visiki huchipua. Machipukizi yale ni mabichi, yanavutia, na kila kitu kingine kimekauka. Yana sumu ya sianidi. Mtama mchanga ulio chini ya magoti, na ule ulionyauka kwa jua kali, ndio hatari zaidi.

Niliitwa kwenye zizi moja asubuhi, mbuzi walikuwa wamevunja uzio na kuingia kwenye visiki. Sita walikuwa chini. Mmoja alikuwa bado anahema kwa nguvu, mdomo wazi, miguu ikitetemeka, na nilipofunua mdomo wake ufizi ulikuwa mwekundu wa kung'aa, mwekundu kama mtu aliyepaka rangi. Ndiyo dalili yenyewe, damu ina hewa lakini mwili hauwezi kuitumia. Alikufa kabla hatujapata daktari wa mifugo. Mzee mwenye zizi aliniuliza, "Mwanangu, si ni majani tu haya?" Sikuwa na la kumfariji.

Ng'oa visiki hivyo au zungushia miiba. Ukitaka kulisha mtama, subiri upite kiuno, au ukate na kuukausha vizuri juani kwanza. Ukikauka sumu hupungua sana.

Kukata, kukausha, kufunga

Sasa turudi Aprili, na ugomvi wa ndege. Ukisubiri upate siku nzima ya bure hutaipata. Kata kwa vipande. Alfajiri, kabla kwelea hawajaamka sawasawa, mtu mmoja na fyekeo anaweza kumaliza mistari michache. Asubuhi inayofuata mingine. Acha kisiki cha sentimita kumi ili nyasi ichipue tena. Bafeli iliyokwisha kushika, kuanzia mwaka wa pili, inaweza kukatwa mara mbili, na hapo Februari inakusaidia: mara nyingi mvua zetu hukatika siku kadhaa mwezi huo, mkulima wa mahindi analia, lakini mwenye malisho anapata jua la kukaushia.

Tandaza majani kwa wembamba, geuza mara moja au mbili kwa siku, siku mbili hadi tatu. Fiwi igeuze asubuhi na mapema yakiwa na umande. Mchana majani yake yatapukutika ubaki na vikonyo, na chakula chote kiko kwenye jani. Kupima, chukua konzi ulisokote kwa mikono miwili. Ukihisi ubichi viganjani, bado. Likivunjikavunjika kuwa unga, umechelewa. Hei nzuri, yaani majani yaliyokaushwa ya kuhifadhi, husokoteka, hutoa sauti ndogo, ina rangi ya kijani na inanukia kama chai.

Huhitaji mashine. Tengeneza sanduku la mbao lisilo na kitako wala kifuniko, urefu sentimita 85, upana 55, kina 45. Laza kamba mbili ndani, jaza majani, mtoto mmoja aingie akanyage, funga, inua sanduku. Robota linatoka na kilo kati ya 15 na 20.

Weka juu ya kichanja, nusu mita kutoka chini, miguu yake uizungushie majivu kwa ajili ya mchwa. Wengi hupandisha majani juu ya paa la tembe kwa sababu ndiyo desturi ya mabua, lakini jua la miezi minne litaiua rangi na vitamini zake. Kichanja chenye kivuli ni bora. Robota lililoota ukungu litupe. Mwaka 2016 sumukuvu, yaani sumu ya ukungu, iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara kupitia nafaka, kwa hiyo ukungu si jambo la kufumbiwa macho, hata kwa mnyama.

Uzio, na wageni wa porini

Shamba la malisho lisilo na uzio ni la kijiji kizima. Miiba ya mgunga hudumu msimu mmoja, kwa hiyo anza mara moja kuchomeka minyaa pembeni, ila kinga macho, utomvu wake unaunguza vibaya. Na ongea na majirani na serikali ya kijiji kabla ya kupanda. Wagogo tangu zamani wana milaga, Wasukuma wana ngitili, maeneo yanayofungwa wakati wa mvua ili yaliwe kiangazi. Watu wanalielewa jambo hili ukiwaeleza kwa heshima. Kule Kondoa, mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma ulianza mwaka 1973, na mwaka 1979 mifugo yote iliondolewa kwenye vilima vilivyokuwa vimeliwa na makorongo. Lilikuwa jambo chungu kwa wenye ng'ombe, sitalifunika. Lakini nyasi zilirudi, na baadaye watu wakafuga ng'ombe wa maziwa ndani ya banda kwa majani ya kukata.

Kwa ninyi mnaopakana na mapori ya akiba ya Swagaswaga na Mkungunero, kuna la ziada. Huko Marekani wawindaji hupanda vishamba vya klova na tenipu makusudi ili kulungu wafuate majani mabichi, kisha wawavizie hapo. Kwetu kuwinda bila kibali ni kosa chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009, na sitaki mtu achukue wazo hilo. Lakini mantiki yake ni ya kweli: kijani kilichosimama wakati pori limekauka ni mwaliko. Fiwi mbichi ya Julai itamleta swala, na ikibidi itamleta tembo. Kwa hiyo panda karibu na nyumba, kata yote mapema, na usiache shamba la kijani likisimama hadi kiangazi. Kilichofungwa kichanjani karibu na boma hakimwiti mnyama kama kilichosimama mpakani.

Anza kulisha Agosti, kabla mbuzi hawajaanza kukonda, kwa sababu kumrudishia mnyama mwili ni ghali kuliko kuuzuia usipotee. Wape jioni wakirudi, kwenye kihori kilichoinuliwa, si chini. Ukipata mashudu ya alizeti kwenye mashine za kukamulia, konzi moja kwa kila jike mwenye mimba. Na marobota matano ya mwisho yafiche mpaka Desemba. Mvua za kwanza zikinyesha mbuzi hukimbilia majani mateke, wanaharisha, wanapungua ghafla wakati mwenyewe unadhani shida imekwisha. Wape hei asubuhi kabla hawajatoka, kwa wiki mbili za kwanza, mpaka nyasi ikomae kidogo.