Mama mwenye betri ya moyo aweke simu wapi?

Mama yangu ana betri ya moyo (pacemaker, kifaa kidogo kinachosaidia mapigo ya moyo) chini ya mtulinga wa kushoto, na kama wauzaji wengi wa soko la Gikomba, Nairobi, simu yake ya M-Pesa hukaa ndani ya sidiria. Hilo ndilo la kwanza kuacha. Mwaka 2021 madaktari Marekani walionyesha kwamba sumaku ya iPhone 12 ikisogezwa kifuani yaweza kusitisha kazi ya kifaa cha kushtua moyo, ambacho hupandikizwa kifuani kama betri ya moyo. Basi simu ikae sentimita 15 mbali. Mfuko wa aproni unafaa sana. Aongee kwa sikio la kulia. Kwenye ukaguzi wa supamaketi, aonyeshe kadi ya kifaa, amwombe askari asishikilie kirungu cha kutambua chuma kifuani. Maikrowevu haina neno. Kizunguzungu kikimshika, ondoa simu, mkimbize hospitali.