Kuchagua kichwa cha sindano kinachooana na amplifaya ya valvu

Wanachama wenzangu, somo hili nililiahidi tangu kusi ianze, na kila nikikaa kuliandika umeme unakatika. Leo upo, basi tuendelee.

Nilipopata amplifaya yangu ya valvu (vile vitaa vya kioo vinavyokuza sauti) nilijinyima miezi kadhaa nikaagiza kichwa cha bei kubwa, yaani kile kidude cha mwisho wa mkono kinachoshika sindano na kugeuza mtikisiko wake kuwa umeme, kwa kuwa kila mtu alikuwa akikisifu. Nikakifunga, nikaweka santuri ya taarabu, nikangoja udi. Ukaja, lakini kwa mbali, kama unapigwa kisiwani Manda nami nimekaa Langoni, mjini Lamu. Nikaongeza sauti. Kilichoongezeka ni shhh ya valvu, hata mke wangu akauliza nani ameacha mfereji wazi. Kichwa kilikuwa kizima, amplifaya nzima. Ndoa ndiyo iliyokuwa mbovu.

Hatua ya kwanza: geuza amplifaya utazame mgongo wake. Kuna tundu lililoandikwa PHONO (fono), la mashine ya santuri? Amplifaya nyingi za valvu za siku hizi hazina. Kama halipo, utahitaji kikuza-sauti kidogo cha fono katikati, na hicho ndicho utakachokichagulia kichwa. Usichomeke mashine ya santuri kwenye tundu la kaseti ukitarajia miujiza. Mbali na udogo wa umeme wa kichwa, santuri huchongwa besi ikiwa imepunguzwa na sauti nyembamba zikiwa zimeongezwa, kwa kipimo cha RIAA (chama cha kampuni za santuri za Marekani) cha mwaka 1954, na sehemu ya fono ndiyo inayorudisha mizani.

Hatua ya pili: piga hesabu. Kichwa cha sumaku inayocheza (MM) hutoa kama milivolti 3 hadi 6. Cha koili inayocheza (MC) mara nyingi ni 0.2 hadi 0.5, Denon DL-103, kwa mfano, hutoa 0.3. Sehemu ya fono ya kawaida hukuza desibeli 40, yaani mara 100 hivi. Milivolti 5 zinakuwa nusu volti, na amplifaya inashiba. Milivolti 0.3 zinakuwa volti 0.03, basi unafungua sauti mpaka mwisho na shhh ya valvu inapanda pamoja na mwimbaji. Ndiyo maana kwa fono ya valvu tupu nasema chukua MM yenye nguvu, milivolti 4 kwenda juu, wala usione haya mbele ya wenye vichwa vya dhahabu.

Hatua ya tatu ndiyo inayosahauliwa, nami nitakaa hapa kidogo. Waya wa kutoka kwenye mashine ya santuri huhifadhi chaji, na hiyo hupimwa kwa pikofaradi. Waya wa kawaida una kama 100 kwa kila mita. Sasa ile valvu ndogo ya ECC83 iliyo mlangoni mwa fono nyingi nayo huongeza zake: kwa jinsi inavyokuza, inaweza kuonekana kwa kichwa kama pikofaradi 100 na zaidi. Chukua Audio-Technica AT-VM95E, ambacho kiwandani wanataka jumla ya 100 hadi 200. Waya wa mita mbili na valvu hiyo, tayari umepita 300. Koili ya kichwa na chaji hiyo hushikana na kuvuma pamoja: kwa pikofaradi 200 mvumo uko karibu na hezi 15,000, kwa 400 unashuka karibu na 10,700, ndani kabisa ya sikio. Mimi niliusikia kwenye neno moja tu, "siri". Ile "s" ilikuwa ikichoma kama sindano ya mshonaji. Nikaukata waya ukabaki nusu mita, nikauchomelea upya. Shilingi sikutoa, na "s" ikapoa.

Hatua ya nne ni mkono, ule unaobeba kichwa. Mkono mwepesi unataka kichwa laini, ambacho shina la sindano hunesa kwa urahisi, mkono mzito kichwa kigumu. Uzito wa sindano upime kwa mizani ndogo ya gramu, usikisie kwa kidole.

Hatua ya tano, sindano na santuri yenyewe. Mwenye zile za mizunguko 78, kama alizorekodi Siti binti Saad Bombay mwaka 1928, asizicheze kwa sindano ya LP, zile santuri za mizunguko 33. Mfereji wake ni mpana, unataka ncha ya kama mikroni 75. Ncha ya LP, kama mikroni 18, inatumbukia chini inakokota vumbi.

Maswali ya wanachama

Mwanachama wa Mkomani: Maalim, mimi nimeshanunua DL-103. Niiuze?

Usiuze, ndugu yangu. Tafuta transfoma ya kupandishia ya moja kwa kumi. Milivolti 0.3 zinakuwa 3, na mlango wa fono wenye ukinzani wa kilo-omu 47 kichwa kinauona kama omu 470, kwa kuwa kumi kwa kumi ni mia. Koili yake ni omu 40, inatosha kabisa. Ila mkono wako usiwe mwepesi, kichwa hicho ni kigumu na kinataka gramu 2.5.

Dada wa Malindi: Shikamoo. Yangu inanguruma, na sindano ikielekea katikati ya santuri mngurumo unazidi.

Marahaba, mwanangu. Amplifaya iko upande wa kushoto, umeipakanisha na mashine ya santuri, sivyo? Transfoma yake ya umeme inamwagia kichwa sumaku. Isogeze upande wa pili, nusu mita au zaidi. Kama bado, angalia ule waya mwembamba wa ardhi. Lakini usifungue amplifaya: ndani kuna volti mia kadhaa, na hubaki hata baada ya kuchomoa plagi. Na usiiwashe bila spika, utaunguza transfoma ya kutolea sauti.

Kijana wa Shela: Upande mmoja umezimika. Kichwa kimekufa?

Hapo Shela, na upepo ule wa bahari? Vua vile vibano vinne nyuma ya kichwa. Vikiwa na kijani, ni chumvi. Futa kwa pamba na spiriti, rudisha kwa kikoleo bila kulazimisha, kisha niambie.