Dungusi la nguzo jijini Nairobi: kausha jeraha kwanza, ndipo upande

Mwezi wa Aprili, baada ya mvua ya usiku kucha, dungusi (kaktasi) la jirani yangu hapa Kahawa West lilianguka. Lilikuwa limepita urefu wa ukuta, mita 3 hivi, na udongo wa pale chini ulikuwa umelowa ukawa kama uji. Asubuhi nilimkuta mama mwenye nyumba amesimama na panga, tayari kulikatakata lipelekwe kwenye takataka.

"Mama, usilitupe. Nipe nikuoteshee."

"Chukua lote, mwanangu. Hilo limeshakufa."

Halikuwa limekufa. Tulipata vipande 5 vizuri kutoka shina lile. Vinne viko hai mpaka leo, na kimoja kati yavyo kimerudi kwa mama mwenyewe, kimesimama pale pale ukutani. Cha tano nilikiua mimi kwa haraka. Nilikipanda siku ya nne, jeraha bado linatoa maji, na mvua ya masika haijakatika. Siku kumi baadaye nilikishika kikabonyea mkononi kama ndizi iliyoiva kupita kiasi, na nilipokipasua, ndani kote kilikuwa cha rangi ya kahawia na kinanuka.

Kila mwaka naona watu wakipoteza madungusi kwa njia hiyo hiyo, halafu wanasema mmea huu hauwezi mji wetu. Unauweza sana. Nairobi iko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, jua lake ni kali, usiku wake una ubaridi bila jalidi ya kuutisha, na madungusi mengi ya nguzo kwao ni milimani Amerika ya Kusini na nyanda za juu za Meksiko, mahali pasipotofautiana sana na hapa. Kinachoyaua huku si kiu. Ni unyevu wa baridi ukikutana na jeraha bichi.

Je, ni dungusi kweli?

Kabla hujashika kisu, hakikisha. Nyingi kati ya "kaktasi" za nguzo zinazosimama kwenye nyua na kando ya barabara zetu ni euforbia, mimea ya Afrika iliyo jamaa ya mnyaa. Dungusi la kweli asili yake ni mabara ya Amerika. Ni aina moja tu, Rhipsalis baccifera, inayoota yenyewe Afrika, nayo haina umbo la nguzo, huning'inia juu ya miti msituni kama nyuzi. Chomoa mwiba mmoja utazame ulipotoka. Miiba ya dungusi hutoka kwenye kivimbe kidogo chenye manyoya mafupi, na maua hutoka papo hapo. Kisha choma ngozi kwa sindano. Ukiona maziwa meupe yanachuruzika, hiyo ni euforbia. Maziwa yake huunguza ngozi, na yakiingia jichoni ni jambo la kukimbilia hospitali. Dungusi la nguzo hutoa maji tu, wakati mwingine yenye utelezi kama ya bamia. Na usijaribu kubebesha, yaani kuunganisha kipande cha mmea mmoja juu ya shina la mwingine, dungusi juu ya euforbia hata kama yanafanana kama mapacha: ni familia mbili tofauti, hayashikani.

Wakati wa kukata

Mwezi mzuri kuliko yote ni Januari, halafu Februari. Kuna jua, hewa kavu, na kipande kinapata wiki kadhaa za kukauka na kutoa mizizi kabla ya masika ya Machi hadi Mei. Nafasi ya pili ni Septemba, kabla ya vuli. Juni, Julai na Agosti usikate ila umelazimika, kama nilivyolazimika mimi Aprili ile. Jua halionekani siku nzima, usiku unashuka karibu digrii 10, na mmea umelala. Jeraha ambalo Januari lingekauka kwa wiki mbili, Julai linabaki na ubichi mwezi mzima, na kuvu linapata mlango.

Miezi hiyo ya baridi punguza maji pia, hata kwa mmea uliokomaa. Ukiumwagilia Julai bila jua, utarefuka, lakini utatoa shina jembamba lililopauka. Jua likirudi Oktoba, shina linanenepa tena juu yake, ila pale pembamba panabaki pembamba maisha yote. Nina nguzo moja yenye viuno vitatu namna hiyo. Kila kiuno ni Julai moja niliyokuwa na huruma ya maji.

Udongo

Wa Embakasi, Syokimau na Kitengela, ule udongo mweusi unaovimba mvua ikinyesha na kupasuka kiangazi usiuguse kwa kazi hii. Udongo mwekundu wa upande wa Kiambu na Dagoretti unafaa, mradi usizidi robo ya mchanganyiko. Mimi huchukua sehemu mbili za pumisi, yale mawe mepesi yanayoelea majini yanayochimbwa Bonde la Ufa, sehemu moja ya mchanga mnene wa mto na sehemu moja ya udongo mwekundu uliochanganywa na samadi iliyooza ikawa haina harufu. Ukikosa pumisi tumia kokoto ndogo, lakini ichekeche kwa wavu wa dirisha kwanza: lile vumbi lake likilowa hugeuka saruji chini ya chungu. Chota ngumi moja ya mchanganyiko uliolowa, ukandamize, ufungue mkono. Ukibaki donge, ongeza kokoto.

Chungu cha udongo wa kuchoma ni bora kuliko cha plastiki kwa mtu mwenye mkono wa maji, kwa sababu kuta zake hupumua. Mtungi wa lita 20 uliokatwa juu nao unafaa, ukiutoboa matundu ya kutosha chini, si mawili ya kujifurahisha.

Kuotesha kipande

Chukua kisu kirefu chenye makali. Kwa shina nene, kisu cha mkate kinafanya kazi safi kuliko panga, kwa kuwa panga huponda. Kipanguse kwa spiriti kabla ya kila mkato. Kata shina kwa mkupuo mmoja, kisha simama utazame ule uso wa mkato kwa makini. Utaona nyama ya kijani kibichi, na katikati pete ya rangi iliyofifia, upana wake kama sarafu au kizibo cha chupa. Hiyo ndiyo mishipa ya maji na chakula, na mizizi mipya hutoka hapo. Pete na kiini chake viwe safi. Ukiona hata nukta moja ya kahawia au ya rangi ya chungwa, uozo umeshapanda. Pangusa kisu, kata inchi mbili juu zaidi, tazama tena. Endelea hivyo hadi uso uwe msafi wote. Inauma kutupa nusu ya mmea, lakini nukta moja ukiiacha itakula kilichobaki.

Ukisha, chonga ukingo wa chini kwa mshazari kuzunguka, kama unavyochonga penseli butu. Ngozi ya dungusi ni ngumu, haisinyai, ilhali nyama ya ndani husinyaa ikikauka. Usipochonga, uso utaingia ndani kama kikombe, pete iachane na udongo na maji yajikusanye humo. Weka alama upande wa juu wa kila kipande. Kipande cha katikati ya shina hakina ncha, na baada ya wiki tatu hutakumbuka juu ni wapi. Kipande chenye ncha kitaendelea kama nguzo moja. Cha katikati kitatoa matawi mawili au matatu karibu na juu.

Sasa subiri. Simamisha vipande ndani ya ndoo tupu yenye gazeti chini, kivulini, panapopita upepo, mvua isipofika. Usivilaze chini kwa wiki nyingi, maana vitajipinda kutafuta mwanga na kutoa mizizi ubavuni. Unene wa kifundo cha mkono unataka wiki mbili, unene wa paja wiki nne au zaidi. Usihesabu siku peke yake: pitisha kidole. Uso ukiwa mgumu na mkavu kama soli ya kiatu cha ngozi, bila hata ubaridi wa unyevu, kovu limekamilika. Nikiwa na shaka naongeza wiki. Nguzo imejaa maji yake yenyewe, inaweza kukaa miezi bila udongo isife.

Panda kina cha inchi mbili au tatu tu, na ukiona inayumba ifunge kwenye fito tatu badala ya kuizika zaidi. Mchanganyiko uwe mkavu. Usimwagilie kwa wiki mbili za kwanza. Baada ya hapo lowesha kidogo, acha pakauke kabisa, lowesha tena. Mizizi huja baada ya wiki nne hadi nane kukiwa na joto. Utajua kwa kuvuta taratibu: kikigoma kutoka, kimeshika. Dalili nyingine iko juu, ncha inafunguka kijani kipya chenye miiba laini.

Kubebesha

Anayejua kubebesha embe au parachichi hatapata shida, isipokuwa huku hakuna gome la kuinua. Unakutanisha nyama mbili bapa, pete juu ya pete, basi. Watu hubebesha ili kuharakisha aina inayokua polepole, au kuokoa ncha ya dungusi lililooza chini ambayo ni fupi mno kuoteshwa. Na kuna yale madogo mekundu na ya njano, yaliyoanzia Japani, ambayo hayana kijani cha kujipikia chakula. Hayo bila kubebeshwa hayaishi. Mara nyingi huuzwa yakiwa juu ya shina la pitaya (dragon fruit) lenye pembe tatu, na pitaya haipendi baridi yetu ya Julai, huoza. Ukinunua moja, subiri Januari, likate ulihamishie kwenye shina gumu zaidi. Mimi hutumia Trichocereus spachianus, ya Argentina, inayostahimili baridi. Cereus ya kawaida, ile inayopandwa kama uzio mitaani kwetu, nayo inafaa.

Shina la kubeba liwe na mizizi na linakua; limwagilie siku tatu nne kabla ili lijae. Chagua asubuhi kavu. Likate juu kwa usawa, kimo cha sentimita 10 kinatosha, chonga ukingo kwa mshazari, halafu kata tena kipande chembamba kama cha nyanya ya kachumbari ukiache pale pale juu kama kifuniko, uso usikauke. Kata kikonyo chako, yaani kile kipande cha kubebeshwa, upande wa chini, mkato mmoja bila kurudia. Ondoa kile kifuniko, telezesha kikonyo juu ya shina huku ukikizungusha kidogo viputo vya hewa vitoke. Pete zikilingana ukubwa, zilaze moja juu ya nyingine. Zikitofautiana, sogeza kikonyo pembeni hadi pete zikatane mahali. Ukiweka pete ndogo katikati ya kubwa kwa sababu inapendeza macho, hazigusani, na kazi yako yote imepotea. Hili ndilo kosa ninaloitiwa mara nyingi kuliko yote.

Funga kwa raba bendi mbili zinazopita chini ya chungu na kukutana juu kama msalaba, zikandamize bila kukata. Kuanzia mkato hadi kufunga isizidi dakika moja au mbili. Weka kivulini, maji yasiguse kiungo, fungua baada ya siku 7 hadi 10. Kikonyo kikinawiri na kujaa, kimeshika. Kikibanduka kikavu, kata pande zote mbili upya urudie siku hiyo hiyo. Machipukizi ya shina la chini yavunje yakiwa madogo kama punje ya choroko, la sivyo yatakunyang'anya chakula cha kikonyo.

Jua na wadudu

Mmea uliokulia kwenye kivuli cha kitalu usiuweke kwenye paa la gorofa siku hiyo hiyo. Huungua, ukabaki na doa jeupe linalogeuka kahawia kama kizibo, na doa hilo halifutiki. Upe wiki mbili tatu chini ya neti ya kivuli, halafu jua la asubuhi, ndipo jua la kutwa. Vidung'ata, wale weupe wenye unga kama pamba, hujificha baina ya mbavu na hasa kwenye mizizi. Wa juu wafute kwa pamba yenye spiriti, wa mizizini ng'oa mmea, uoshe, uukaushe wiki nzima, ubadilishe udongo.

Ukitaka kuagiza mbegu au mimea nje, anza na kibali cha KEPHIS, shirika la serikali linalokagua afya ya mimea. Karibu familia nzima ya madungusi iko pia chini ya CITES, mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, kwa hiyo karatasi za anayekuuzia ni muhimu kama mmea wenyewe.

Mabaki ya mikato usiyatupe mtoni wala kwenye kiwanja kitupu. Laikipia wanajua gharama yake: mpungate, dungusi lenye mashina bapa, ulioletwa kutoka ng'ambo ulienea kwenye malisho, vijiba vya matunda yake vikaumiza midomo ya mifugo, na nyani na tembo wakabeba mbegu mbali zaidi. Kipande cha Cereus kilichotupwa kwenye nyasi huota bila kuombwa. Yaanike mabaki juu ya bati, jua la kutwa, hadi yavunjike kwa mkono kama kuni kavu, ndipo uyatie kwenye shimo la mboji.