Somo: Mtoto anamaliza wa 8, aende opsio gani?

Juni ikifika, wazazi wa Lubumbashi, hapa Kongo, wenye watoto wa mwaka wa 8 wana swali moja tu mdomoni: opsio gani, yaani mchepuo gani wa masomo? Wengine walishaamua tangu mtoto akiwa primere, wengine wanangoja mjomba wa Kolwezi apige simu aseme kampuni yake inaajiri watu gani. Mimi ni titilere, mwalimu wa darasa, wa wa 8 hapa Kampemba. Naandika kwa wazazi wote pamoja, maana majibu ninayotoa mezani kwangu ni yale yale.

Kwa waliosoma zamani, picha iko hivi. Elimu ya msingi sasa ni miaka 8: sita ya primere, halafu wa 7 na wa 8, ile mliyoita wa kwanza na wa pili sekonderi. Mwisho wa wa 8 kuna jaribio la taifa la kuchuja na kuelekeza wanafunzi, TENASOSP. Baada yake ni miaka minne ya humanite, sekonderi ya juu, ndani ya opsio moja, kisha Egzeta, mtihani wa taifa wa kumaliza sekonderi. Kwa hiyo jambo tunalopenda kusema "ataona mbele" linafungwa kati ya Juni na Septemba, mtoto akiwa bado hajaota ndevu.

Hatua ya 1: Soma buletini, acha asilimia

Mzazi akipewa buletini, karatasi ya alama za mwaka, macho yanakwenda chini kabisa: asilimia na nafasi. "Ana 64, ni wa saba darasani, aende siyantifiki, opsio ya sayansi." Lakini ndani ya hiyo 64 kuna dini, muziki na michezo. Mtoto anaweza kubebwa na historia na elimu ya uraia mwaka mzima, hisabati ikiwa inalia.

Fungua ukurasa. Buletini ya wa 8 imegawanywa kwa domeni, yaani makundi ya masomo. Nenda kwenye domeni ya sayansi: kuna algebra, arithmetiki, jeometria na takwimu, chini yake anatomia, botania na zoolojia, chini zaidi sayansi ya fizikia, teknolojia, na TIC (kompyuta na mawasiliano). Chukua kalamu uweke alama pembeni ya hizo, halafu pembeni ya Kifaransa. Mengine yaache kwanza.

Sasa soma kwa upana, kutoka kushoto kwenda kulia. Kila semesta (nusu ya mwaka) ina periodi mbili, yaani vipindi vya alama za kazi za kila siku, na mtihani. Tuchukue mfano wa algebra ambapo periodi ni kwa 20 na mtihani kwa 40. Mtoto ana 14 na 15, halafu mtihani 11. Semesta ya pili ana 13 na 15, mtihani 13. Jumla ya mwaka ni 81 kwa 160. Amepita. Pale mwisho hakuna wino mwekundu, mama anafurahi. Lakini jumlisha mitihani peke yake: 24 kwa 80. Huyo mtoto algebra hana.

Periodi zina kazi za nyumbani ambazo kaka anasaidia, zina interro (majaribio madogo) zilizotangazwa tangu Jumatatu, na, tuseme ukweli, zina daftari la jirani. Kwenye mtihani mtoto yuko peke yake. Na kule mwisho, Egzeta ni mitihani mitupu: utamaduni wa jumla, sayansi, lugha na kozi za opsio, baada ya disertasio (insha) na majaribio mengine ya kabla. Periodi haziendi naye huko. Kwa hiyo safu ya mtihani ndiyo ninayoisoma kwanza, na mara nyingi ndiyo peke yake ninayomwonyesha mzazi.

Kinyume chake kipo pia. Kuna watoto wenye periodi mbovu na mitihani mizuri. Hao ni wavivu wenye akili, na opsio ngumu huwaamsha. Usiwahukumu kwa asilimia.

Hatua ya 2: Jua kila opsio inadai nini

Hapa ndipo watu wanapotea, kwa sababu wanachagua jina.

Siyantifiki inadai hisabati, fizikia, kemia na biolojia, zote kwa pamoja na kila wiki. Inafungua milango mingi ya chuo kikuu: UNILU tu, Chuo Kikuu cha Lubumbashi, kuna udaktari, polytechnique (uhandisi), agronomia (kilimo). Lakini mtoto akiishia kwenye diploma ya serikali, hana kazi ya mkono. Familia ambayo inajua haitaweza kulipia chuo ifikirie mara mbili kabla ya kumweka huko kwa ajili ya heshima.

Pedagoji, opsio ya ualimu, inadharauliwa mjini, na mimi naona ni dhuluma. Mtoto akimaliza, diploma yake inamruhusu kufundisha primere mara moja. Mwaka wa mwisho anafanya staji, mazoezi ya kazi, ndani ya darasa la kweli: anaandika fishi (mpango) ya somo, anasimama mbele ya watoto wa wa pili primere wanaopiga kelele, na mwalimu amekaa nyuma anaandika makosa. Anayetoka hapo anajua kuongea mbele ya watu, na hata akienda kusoma sheria kitu hicho hakimwachi. Mshahara wa mwalimu tunaujua sote, sitawadanganya.

Komersiali, opsio ya biashara, watu wanaikimbilia wakisema "haina hisabati." Nani amewadanganya? Hesabu za biashara zipo mwaka hadi mwaka. Tangu Kongo iingie OHADA, umoja wa nchi za Afrika zenye sheria moja ya biashara, mwaka wa 2012, uhasibu unaofundishwa unafuata mfumo wa OHADA, na mfumo huo hauna huruma kwa mtoto asiye na mpango. Debiti na krediti zisipolingana kwa faranga moja, unaanza upya. Kwa mji wetu opsio hii ina maana: bidhaa zinapanda kutoka mpaka wa Kasumbalesa, kuna madepo, kuna maajensi ya dwani (forodha), kuna maduka yanayotafuta mtu wa kushika vitabu. Inamfaa mtoto ambaye daftari lake ni safi bila kulazimishwa.

Halafu za ufundi: elektrisite (umeme), mekanike jenerali, mekanike oto, ujenzi, kemia ya viwanda. Huku kwetu migodi inazifanya zing'ae. Sawa, lakini angalia vizuri: mtoto aliyekimbia fizikia ya siyantifiki akaenda elektrisite, ameikimbilia ile ile. Kuna pia uchoraji wa kiufundi, ambao unataka mkono uliotulia na kukaa kwenye meza muda mrefu. Mtoto asiyeweza kukaa, hata kama anafungua redio zote za nyumbani, atateseka na ule ubao wa kuchorea.

Latini-filozofia inamfaa mtoto anayesoma kila karatasi anayookota, hata ile iliyofungiwa karanga. Kushona, sosyali (huduma za jamii), lishe, kilimo na mifugo ni opsio nzuri pale ambapo shule inazifanya kwa moyo. Kilimo hasa nashangaa kwa nini mji unaokula unga wa kutoka Zambia unakidharau.

Hatua ya 3: Omba karatasi

Shule kuwa na kibali haina maana kwamba kila opsio yake ina kibali. Shule inaweza kuwa halali kwa pedagoji, halafu mwaka huu imefungua elektrisite kwa kubandika tangazo kwenye ukuta. Muulize prefe, mkuu wa shule, kwa adabu: "Papa prefe, arete ya opsio hii ninaweza kuiona?" Arete ni karatasi ya kibali. Mwenye nayo huitoa. Asiyekuwa nayo huanza historia ndefu. Mwisho wa historia hiyo, ukifika mwaka wa Egzeta, watoto wanaandikishwa kwa jina la shule nyingine ambayo hawajawahi kukanyaga, na familia inalipa mara mbili.

Uliza pia: waliofika Egzeta mwaka jana katika opsio hii walikuwa wangapi, na wangapi walipita? Opsio, sikusema shule nzima.

Hatua ya 4: Ingia karakanani

Kwa opsio ya ufundi usilipe kabla hujaona. Nenda siku ya shule, saa za kazi. Kwenye mekanike, inama uangalie chini ya mashine ya kukereza. Kama kuna vipande vya chuma vilivyojikunja na mafuta meusi, watoto wanafanya kazi. Kama pako safi kama sebule, mashine imezima. Hesabu jiliwa kwenye benchi, halafu uliza darasa lina wanafunzi wangapi: jiliwa nne kwa watoto hamsini maana yake arobaini na sita wanatazama. Kwenye elektrisite, tafuta ubao wa mbao wenye waya, swichi na taa ambao watoto wamefunga wenyewe. Uliza SNEL, shirika la umeme, ikikata wanafanya nini. Jibu la "tunangoja" ni jibu pia.

Hatua ya 5: Piga hesabu ya miaka minne

Masomo ya bure yaliyoanza Septemba 2019 ni ya primere. Humanite inalipwa. Juu ya minervali (ada ya shule) ongeza ovaroli, vifaa vya kuchora, vifaa vya mkono, usafiri wa staji, na malipo ya Egzeta mwishoni. Zidisha kwa miaka minne kabla ya kusema ndiyo. Opsio ya bei nafuu inayomalizika inashinda ile ya heshima inayokatika mwaka wa tatu.

Hatua ya 6: Mtoto aseme

Mwulize mbali na wenzake. Nusu ya darasa langu wanataka opsio ambayo rafiki anataka.

MASWALI YA WASOMAJI

Mama Dorcas, Katuba: Jambo mwalimu. Binti yangu anataka mekanike oto. Baba yake anasema hapana, ni kushona. Mimi niko katikati.

Jibu: Jambo mama. Kushona ni kazi nzuri, lakini je, binti anaipenda, au anapewa kwa sababu ni msichana? Hakuna sheria inayomzuia kuingia mekanike. Angalia mitihani yake ya fizikia na jeometria. Kama inasimama, mwende wote watatu mkaone karakana, baba akiwemo, na muulize wasichana wangapi wapo na wanabadilishia nguo wapi. Shule iliyojiandaa ina jibu la swali hilo. Baba akishaona mafundi wanavyomwonyesha binti yake injini, mara nyingi anaanza yeye kuuliza bei ya ovaroli.

Papa Ilunga, Ruashi: Akishindwa opsio, anaweza kubadilisha wa pili?

Jibu: Papa, kozi za opsio zinaanza wa kwanza humanite. Anayehamia opsio nyingine baada ya mwaka kwa kawaida anarudia wa kwanza, kwa sababu msingi hana. Akiona mapema, wiki za kwanza za mwaka wa shule, kimbilia kwa prefe mara moja. Usingoje buletini ya semesta.

Mwanafunzi wa wa 8, komini ya Kenya hapa Lubumbashi: Mwalimu mimi napenda kompyuta. Iko opsio ya kompyuta?

Jibu: Mwanangu, inategemea unapenda kufanya nini nayo. Ukipenda kuifungua na kuitengeneza, tafuta elektroniki. Ukipenda kazi za ofisi, komersiali ina somo hilo. Ukitaka kuandika programu, njia ndefu ni siyantifiki na hisabati nzito, halafu chuo. Ukipenda michezo ya kompyuta, hiyo opsio bado.

Papa Trésor, Kamalondo: Mnasifu elektrisite, lakini mtaani kwetu vijana wenye A2 (diploma ya ufundi ya sekonderi) ya elektrisite wamekaa tu. Migodi inachukua watu wao.

Jibu: Papa, una haki, na ndiyo maana sipendi kumchagulia mtoto opsio kwa ajili ya kampuni moja. A2 haikuhakikishii mgodi. Tofauti ninayoiona mtaani ni kati ya waliotoka wakijua kufunga umeme wa nyumba nzima, wakivuta laini za ndani bila kumwita mtu, na waliotoka na karatasi tu. Wa kwanza wanakula, hata kama ni kidogo kidogo. Ndiyo sababu ya hatua ya 4. Kama shule ya mtaani kwenu haina vifaa, siyo kosa la opsio.

Mama Nadine, Likasi: Opsio tunayotaka iko Lubumbashi. Tumpeleke mtoto akae kwa shangazi yake?

Jibu: Mama, kwanza zungukeni Likasi vizuri. Mji wenu ni wa viwanda tangu zamani na shule za ufundi zipo. Kama kweli haipatikani, ongea na shangazi waziwazi kabla ya Agosti, mtoto mwenyewe akisikiliza. Masaa ya karakana yanaweza kwenda hadi alasiri. Mwulize shangazi nani atachota maji siku hizo, nani atabaki na watoto wadogo, na usiku mtoto atasomea wapi umeme ukikatika. Kubalianeni pia chakula chake mtachangia kwa namna gani, kwa gunia la unga au kwa simu kila mwezi. Shangazi akisita kwenye maswali hayo, usikasirike. Tafuta shule yenye bweni, au mrudishe kwenye opsio ya pili kwenye orodha yake, karibu na nyumbani.